Baba Amegeuka Chiriku

Jumatatu, 3 Machi
Mvua, wateja hakuna. Mhasibu kanionyesha tovuti moja ya vichekesho: unabandika maandishi, inakwambia mwandishi ni mwanamke au mwanamume, ana umri gani, moyo wake ukoje, na angekuwa mnyama gani. Tukabandika tangazo la bosi kuhusu wachelewaji. Miaka tisa, ana njaa, mbuzi. Mhasibu kamwagia kibodi chai kwa kucheka.

Jumanne, 4 Machi
Mdogo wangu naye kanogewa. Jioni tumepima ukoo mzima. Shangazi — tembo mwenye hasira. Mimi — kasuku, mbea. Mdogo wangu eti hapo haijakosea! Mshenzi huyu.

Ujumbe wa Baba wa mwaka jana, “Nimefika. Fungeni mlango”: miaka themanini, kifaru. Wa juzi, “Wanangu wazuri, mmekula? Msisahau mwavuli”: mwanamke, mchangamfu, chiriku.

Tukaangaliana. Tangu Mama atutoke, Baba hajatuita wazuri.

Jumatano, 5 Machi
Siri imefichuka. Miwani ya Baba ilivunjika mwezi uliopita, kwa hiyo jioni humpelekea simu fundi cherehani, mjane wa nyumba ya pili, amwandikie. Baba anasema tuulizwe kama tumekula. Sukari anaongeza fundi.

Nikamchokoza Baba kwa ujumbe: mtandao unasema wewe ni mwanamke. Jibu likaja papo hapo: “Upuuzi. Lete mkate.” Nikabandika. Kifaru!

Ngoja kwanza. Kaandika mwenyewe? Nikapita kwa fundi miwani. Anasema mzee alichukua miwani yake kitambo, anaona nayo vizuri kabisa.

Basi kule kwa cherehani anafuata nini kila jioni? Mdogo wangu anasema uzi.

Ijumaa, 7 Machi
Baba kaja mezani, kakohoa. Eti ile mashine yangu ya wanyama, nimpimie kitu. Kanipa simu, ujumbe wa fundi cherehani ambao hajautuma: “Miwani yangu ilishapona. Naomba niendelee kuja.”

Nimefurahi, na Mama nimemkumbuka, vyote kwa pamoja. Nikabandika. Miaka kumi na saba, ana hofu, swala.

Akauliza kama swala ni mnyama mzuri. Nikamwambia mzuri sana, Baba. Akautuma.

Sasa yuko kwenye kochi, miwani puani, simu gotini. Mdogo wangu anajidai anaosha vyombo, na bomba hajafungua. Baba anasema fundi anaandika. Kaacha. Anaandika tena —