Mishumaa ya Keki kwa Shabati

Jumatano, 5 Novemba 2025

Tirza amenikalisha sakafuni sasa hivi. Amepanga nyanya mbili mezani, akajitanda taulo la jikoni kichwani, akafunika macho kwa viganja, akanong'ona manenomaneno yake. Kisha akafungua macho — "Shabati shalomu, Mama!" Na miaka mitatu hajatimiza!

Mimi sijawasha mishumaa ya Shabati, Sabato yetu, Ijumaa saba. Baba alizikwa Agosti kule Nyandarua, mimi niko huku Ibra, Omani, nikashindwa kwenda. Yeye ndiye aliyetusomea sala kwenye sinagogi letu dogo la mabati. Baada ya hapo, nikiomba, ni kama simu inayolia na hakuna wa kushika. Nikaacha. Sikumwambia mtu.

Kumbe mtoto ameweka yote kichwani. Nimejivuna mpaka nimelia. Ijumaa hii nawasha. Nisikie kitu, nisisikie.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempigia Mama. Nimemwambia ukweli, kwamba ndani pamekauka. Hakushtuka hata! Ameniuliza, unadhani nikiamka alfajiri kukamua ng'ombe, kila siku nina raha? Ng'ombe anakamuliwa tu. Raha ikija, ikukute umeshika ndoo.

Halafu akauliza huku nilikuwa nawasha saa ngapi. Nikajibu kwa maringo, mimi sikosei, nasubiri adhana ya magharibi. Kisha kicheko! Adhana hiyo ni jua limeshazama. Mishumaa huwashwa jua likiwa bado lipo, maana Shabati ikiingia hatuwashi moto. Miaka miwili nachelewa, na kujisifu juu! Mama anasema Mungu amevumilia makubwa kuliko hayo.

Dukani mishumaa hakuna, ila ile myembamba ya keki. Bi Ghalia, mwenye nyumba wetu, alikuwepo. Amezaliwa Unguja, ananipenda kwa ajili ya Kiswahili tu. Shikamoo, marahaba. "Mishumaa ya nini, mwanangu, na umeme upo?" Nikasema ya birthday ya Tirza. Uongo! Umenitoka kama chafya. Hapa hakuna anayejua sisi ni Wayahudi. Baba Tirza anasema tusitangaze, siku zenyewe hizi, na habari za vita kwenye TV. Sawa. Lakini kumficha Mungu wa baba yangu nyuma ya keki?

Ijumaa, 7 Novemba, saa kumi na dakika arobaini jioni

Haraka, Shabati ikiingia siandiki. Jua linazama saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili. Kuwasha ni dakika kumi na nane kabla. Nimeangalia kwa simu mara tatu!

Meza inapendeza, acha niseme mwenyewe. Chapati mbili nene badala ya mkate, nimezifunika na leso. Juisi ya zabibu. Mishumaa ya keki nimeichomeka kwa glasi mbili za mchanga. Zamani niliweka jikoni, nyuma ya friji. Leo sebuleni. Baba Tirza amevaa kofia yake, hatulii. Anasema angalau tufunge pazia. Nimekataa. Sijawahi kumkatalia hivyo.

Moyoni? Bado kimya. Sitalidanganya daftari. Lakini nikikanda unga nimejikuta naimba ule wimbo wa Baba, na haukuniuma.

Sasa makubwa — Hala, mjukuu wa Bi Ghalia, amepita mlangoni. Bibi ameoka keki! Wanakuja kumwimbia Tirza kabla ya magharibi!

"Basi tuimbe, tukate keki, yaishe," amesema Baba Tirza.

Tirza kasikia. "Si birthday. Ni Shabati." Kifua mbele, kama anawasomea watu sala. Damu ya baba yangu hiyo!

Nimeshajua nitakalosema. Bi Ghalia, nisamehe, nilikudanganya. Karibu ukae. Hii ni mishumaa ya Shabati, na sisi ni Wayahudi. Akichukia, basi, tutajua pa kuanzia. Asipochukia —

Hodi hiyo! Ndio wao. "Wee Mama Tirza! Hebu fungua, habibti, keki itanianguka!" Zimebaki dakika nne niwashe. Baba Tirza ameshika pazia, ananiangalia mimi. Nimemwambia aliachie, afungue mlango, na mimi nawasha mbele ya wote.