Kocha Hajafa, Mama

Kwako Mama yangu wa Nalasi,

Shikamoo Mama. Kabla hujauliza: dada Hadija yuko hai. Yuko hapa kwangu Bombambili, kakalia kigoda changu, anamaliza mihogo yangu ya biashara. Haya, sasa pumua. Magoti vipi? Mikorosho imetoa maua? Sisi wazima, Alhamdulillahi.

Juzi kwenye simu ulimsikia mwenyewe, ukasema tunakuficha, kwamba mtu akifa mama yake huambiwa kwanza anaumwa. Ukataka karatasi, na yeye atie mkono wake. Karatasi ndiyo hii. Darasa la nne niliishia, ukiona herufi zimelala usidhani zinaomboleza.

Ilikuwa hivi. Timu ya taifa ya wanawake anayoifundisha ilipofungwa mechi ya nyumbani, dada alizima simu, akapanda basi mpaka kwangu. Chumbani hatoki. Bodaboda wa kijiweni wakipita wananipigia kelele, "Mwambie dada yako akafundishe rede, mchezo wa vitoto vya kike!" Mwisho akaniambia, "Mdogo wangu, ujumbe wa kuacha kazi nimeshauandika. Kesho nikimaliza kufua nautuma." Fikiria, Mama! Kazi aliyoihangaikia tangu msichana!

Nikamdokeza mtani wetu, yule Mngoni fundi baiskeli wa jirani. Asubuhi huyo kaja na jembe begani, mkewe nyuma kajifunga kanga kiunoni, wanalia, "Uwiii! Kocha katutoka! Tumekuja kuzika!" Wanazika kazi ya dada, siyo dada. Akaanza kuchimba mbele ya mlango wangu. Watani unawajua, hata msiba kwao ni mzaha.

Wapita njia sasa, nani awaambie ni utani? Bodaboda mmoja kasikia "kocha katutoka," kawasha pikipiki, kasambaza habari mji mzima mpaka ikafika kwako. Mara uani pamejaa. Kina mama na unga, wazee na kofia zao, na mmoja wa wale bodaboda wa rede, analia kamasi.

Mtani kuona watu, akanogewa. Akasoma wasifu. "Marehemu alianza na mpira wa makaratasi huko Nalasi, anacheza na wavulana, mama yake anamkimbiza na mwiko!"

"Kweli!" watu wanaitikia, kana kwamba walikuwepo.

"Akafundisha watoto wa shule hapa Songea, wakiwa pekupeku, wakabeba kombe la mkoa! Akapewa klabu, makocha wanaume wakamcheka, akawafunga mmoja mmoja! Ndiyo taifa likamwita!"

Yule wa rede akadakia, "Hatumpati tena kama yule! Ile mechi refa ndiye alituua!"

Mlango ukafunguka. Dada huyo, mapovu ya sabuni mpaka kwenye viwiko. "Refa hana kosa. Beki wetu wa kulia alipanda, hakurudi."

Mama! Watu walitimka, mzee mmoja kaacha kobazi mpaka leo ninazo. Mtani kaanguka kwenye shimo lake mwenyewe kwa kicheko. Wa rede peke yake kabaki pale pale.

"Wewe," dada akamwambia, "umesemaje?"

"Nimesema... hatumpati tena kama wewe, Kocha."

"Rudia."

Akarudia. Dada akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu, akaufuta ule ujumbe. Nimeona kwa macho yangu. Jioni wakubwa wake wakapiga: arudi kambini, mechi ya marudiano ni yake. Mama, nilikaa chini pale pale kwenye udongo wa kaburi, nikashukuru Mungu.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mjomba wa mizani ya korosho mwambie aache kukusanya rambirambi. Mtani anadai jogoo, ujira wa kuchimba.

Mimi mwanao mchuuzi,
Bakari

Mama, ni mimi Hadija, mkono wangu huu. Jogoo mwekundu usimtoe, mtani apewe yule kishingo asiye na manyoya shingoni. Mechi ikiisha nakuja na mpira. Mwiko ficha.