Risasi Moja Katika Koti Lako

Pell Creek, Ohio
Jumapili, 14 Novemba 2021

Dada yangu mpendwa Adeline,

Naahidi kukuambia yote katika barua hii, hata yale ambayo mkono unasita kuyaandika. Ukiona mahali nimefuta, ujue nimefuta makosa ya tahajia, si ukweli.

U hali gani huko kambini? Malengelenge ya miguu yamepona? Baba alisoma barua yako mezani mara mbili, na alipofika pale sajenti anapowaita viazi, alicheka mpaka akapaliwa. Sisi kiafya hatujambo. Mimi nilishikwa na mafua, yamekwisha. Mama Darla anakusalimu na anauliza kama sasa mnaruhusiwa kupokea biskuti. Kwa kuwa wamewanyang'anya simu, itabidi habari za nyumbani uzipate kwangu.

Nianze na koti lako la kahawia, lile ulilovaa Baba alipokupeleka kuwinda kulungu mara ya kwanza. Nilidhani litakuwa langu. Mwezi wa tisa Baba alilitoa kabatini akampa Brynn, binti ambaye Mama Darla alikuja naye alipoolewa na Baba, akisema mimi bado ningepotelea humo ndani. Brynn alijigeuza mbele ya kioo akaniuliza, "Vipi, bibie, nimependeza au nafanana na gunia la mahindi?" Nikamjibu amependeza. Na kweli alipendeza, ndicho kilichoniuma.

Unanijua mimi na kelele. Bastola ikilia nafumba macho, na anayefumba macho Baba hamruhusu kushika silaha. Kwa hiyo kila Jumamosi Brynn ndiye anayefuatana naye hadi ukumbi wa zimamoto, ambako Baba huwafundisha wanaotaka kibali cha kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo. Brynn anagawa karatasi na kubandika shabaha. Masaa manane ya darasa yakiisha, wanabaki wawili uwanjani kulenga. Wanarudi wananuka baruti, wanacheka mambo nisiyoyajua. Kisha, kama desturi ya nyumba yetu, wanageuza mifuko na kuikung'uta juu ya meza ya jikoni kabla ya kula, isije ikabaki risasi iliyosahaulika. Mimi nakaa na uma wangu, mifuko yangu haina cha kukung'uta.

Bunge la jimbo sasa linajadili muswada wa kuondoa kibali, ili mtu mzima aweze kuficha bastola kiunoni bila darasa lolote. Baba anaupinga. Mjini wanamtania kwamba anatetea mkate wake, naye huwajibu kwamba amewaona watu wazima wakijielekezea mtutu gotini huku wakitafuta risasi inaingilia wapi. Alikuwa amejiandikisha kwenda Columbus kuyasema hayo mbele ya kamati ya bunge.

Basi Jumatano, Mwalimu Pruitt wa uraia aliandaa mdahalo juu ya muswada huo, na wazazi wakaalikwa. Pande zilipangwa kwa kura. Mimi nikapata kutetea kibali, Brynn akapata kukipinga. Wiki mbili nilikusanya takwimu na maneno ya Baba mwenyewe, nikasema dakika nne bila kutazama karatasi. Brynn akasimama na mikono mfukoni. Alitaka tumfikirie muuguzi anayetoka kazini huku mume aliyemwacha akimvizia kwenye maegesho. "Haya, mwambieni huyo bwana avute subira," alisema, "mkewe bado ana masaa sita ya darasa." Watu walicheka. Alishinda.

Baba alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. "Mtoto huyu ananifukuza kazi, na bado natamani nimlipe!" aliwaambia watu. Mimi alinigusa kichwani akasema karatasi zangu zilikuwa zimepangwa vizuri. Karatasi zangu, Adeline! Jioni hiyo alitangaza kwamba wikiendi ya vijana kuwinda, ambayo ni Jumamosi hii inayokuja, atampeleka Brynn.

Alhamisi, kipindi cha pili, ilitangazwa kwamba milango ya shule inafungwa kwa hofu ya mtu mwenye silaha, na kwamba si zoezi. Taa zikazimwa, tukaketi sakafuni nyuma ya meza kama tulivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Karibu yangu alikuwa Maisie Trombley wa mwaka wa kwanza, akimwandikia mama yake kwenye simu. Aliniuliza kwa kunong'ona kama aandike tu kwamba anampenda, au pia amweleze dawa ya paka ameiweka wapi. Nilimshauri aandike yote mawili. Dakika arobaini tulikaa hivyo. Polisi walimtoa Brynn katika darasa la kemia, na katika mfuko wa ndani wa koti wakakuta risasi moja. Bastola haikuwepo popote.

Brynn amezuiwa kuja shule mpaka bodi itakapokutana Jumanne tarehe 23, na anaweza kufukuzwa mwaka mzima. Baba alimwambia mkuu wa shule kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyesahau kukagua mfuko wa ndani. Jana watu kumi na mmoja walikuja darasani kwake, akawarudisha nyumbani. Dukani kwa vifaa vya ujenzi, Bwana Stucky alimpigia kelele, "Vernon, masaa yako manane yameshindwa na mfuko mmoja?" Wenzake wakacheka. Baba alilipia misumari yake akatoka, na alipofika nyumbani akaandika kufuta jina lake kwenye orodha ya Columbus. Brynn hali chakula. Aliniambia mimi ndiye pekee nisiyemtazama kama mhalifu.

Sasa ndiyo nimefika mahali pagumu. Alhamisi alfajiri, kabla wengine hawajaamka, nililishusha koti lako kutoka msumarini. Nilitaka kulinusa, nione kama bado lina harufu yako. Vidole vyangu vikagusa risasi. Meza ya jikoni ilikuwa hatua mbili tu. Nikairudisha mfukoni, nikalitundika koti, nikamwangalia Brynn akilivaa. Shuleni niliingia chooni nikaandika kwenye namba ya shule ya kutoa taarifa bila kujitaja kwamba kuna msichana mwenye koti la kahawia na ana risasi.

Nilidhani wangemwita ofisini kimya kimya, na Baba angemwonea aibu siku moja. Siku moja tu ndiyo niliyoitaka. Sikuwaza kwamba penye risasi watu wangetafuta bastola. Nilikaa sakafuni nikijua hakuna bastola yoyote, na sikumwambia Maisie, kwa sababu kusema kungeonyesha nimejuaje. Nimemwacha mtoto yule amuage mama yake bure.

Na lipo jingine, baya zaidi. Baba aliposema kosa ni lake, niliona wivu hata kwa hilo. Mimi hajawahi kunibebea kosa namna hiyo.

Kesho asubuhi, kabla ya shule, nitamwambia Baba, kisha Brynn, kisha tutakwenda kwa mkuu wa shule. Nimekuandikia kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Huenda bodi itamrudisha Brynn. Huenda Baba ataandika upya jina lake, maana bado naamini maneno yake ni ya kweli na kamati inapaswa kuyasikia. Natumaini hivyo, ingawa sijui atanitazama vipi.

Jitunze, ule vizuri, na ufunike miguu usiku. Wote hapa wanakukumbuka, na chumba chako hakijaguswa na mtu. Nina swali moja, nalo nakuomba ulijibu kwa posta ya kwanza utakayopata. Nilipozaliwa ulikuwa na miaka saba, na Bibi husema Baba alinibeba wiki nzima bila kukubali kuniweka chini. Wewe, Dada, wivu wako uliupeleka wapi?

Mdogo wako,
Corinne