Namba za Kila Alhamisi

Kilimani, Nairobi
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwako kakangu Athman,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wenzako wote mlio ndani ya chombo chenu Zumari, na lile sikio lililokuwa likikusumbua kwa kupiga mbizi liwe limepoa. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linaendelea vizuri tangu daktari wa Hurlingham ambadilishie dawa. Siku hizi anapanda ngazi mpaka kwetu ghorofa ya tatu akipumzika mara moja tu, na hiyo mara moja ni kwa ajili ya kupiga soga na jirani. Baridi ya Nairobi anailalamikia kila asubuhi, hata jua linapochoma. Yasini ya Ijumaa haijakatika.

Najua utashangaa kuletewa barua ya mkono kana kwamba bado tuko zama za marehemu Babu. Ujumbe wa setilaiti husomwa na nahodha wako kabla yako, na haya ninayoandika ni yako peke yako. Kwa hiyo nimeitia barua ndani ya boksi la vichujio vya mashine yenu ya maji, chini ya pakiti ya kahawa, kwa sababu vichujio hivyo haviguswi na mtu ila wewe. Tafadhali isome ukiwa umekaa, na usiache katikati.

Wakumbuka ule ujumbe ulioutuma mwezi wa Novemba. Mlikuwa mmekaa wiki tano bila kutia mguu bandarini, mkinywa maji ya bahari mliyoyasafisha wenyewe, umeme wenu ukitoka kwenye jua na upepo, mkihesabu majongoo bahari, wale wanaokaushwa na kuuzwa ghali ng'ambo, kwenye mwamba ambao hata ramani haziujui. Mlihesabu mia nne na kumi. Mliporudi baada ya siku tisa mlikuta kumi na moja, na kamba iliyokatwa, na chupa ya soda. Uliandika kwamba waliopita pale hawakubahatisha, waliambiwa. Ukaandika kwamba ofisini kuna mtu anayeiuza bahari, na kwamba mtu huyo, awe nani, hutamsamehe duniani wala akhera. Mimi ndiye niliyeusoma ujumbe huo wa kwanza, saa moja asubuhi, na nikamlaani mtu huyo pamoja nawe.

Yakatokea tena mwezi wa Desemba, na tena mwanzoni mwa Januari, kila mara kwenye mwamba mwingine, na kila mara siku mbili tatu baada ya Zumari kung'oa nanga. Hapo Dk. Ndunge, mkurugenzi wetu, alituita ofisini kwake, akafunga mlango na kutuambia tuweke simu zetu mezani. Unajua utaratibu wetu. Ramani ambayo watu wote wanaiona mtandaoni huonyesha mlipokuwa wiki tatu zilizopita. Mlipo kwa kweli huletwa na ripoti ya saa moja asubuhi, pamoja na habari za betri, maji na afya zenu, na ripoti hiyo ilikuwa inasomwa na watu watatu tu: yeye Dk. Ndunge, Shem wa mitambo ya mawasiliano, na mimi ninayewanunulia chakula na vipuri. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, “Hii maneno isitoke hapa.” Nikatoka pale nikijiambia kikulacho ki nguoni mwako, na nikaanza kupekua nguo za wenzangu.

Mimi unanijua tangu utotoni. Nikipewa chai, natazama kwanza kilichotuama chini ya kikombe. Sasa nikapata kazi ninayoiweza. Dk. Ndunge sikumfikiria hata kidogo, maana ndiye aliyelianzisha shirika na kuililia Zumari kwa wafadhili mpaka ikapatikana. Akabaki Shem. Shem ni mtu wa Magharibi mwa Kenya, anakaa Kangemi na mkewe Philister, mtu mpole, na upole wake ukaanza kuniudhi. Nikaona kwamba hupokea simu akiwa kwenye ngazi. Nikaona kwamba kila ripoti ikifika huinama juu ya meza, mkono mmoja ukiziba karatasi, akaandika kitu. Nikimuuliza anaandika nini hucheka na kusema, “Ni vitu zangu tu, madam.” Vitu gani hivyo vya mtu kuvizibia mkono?

Siku moja alipotoka kwenda kula nilifungua begi lake. Naandika hivyo bila kupamba, maana ndivyo ilivyokuwa. Ndani mlikuwa na daftari la shule, la kurasa tisini na sita, na ndani ya daftari mlikuwa na kila mahali mlipopita tangu siku ya kwanza ya safari, digrii na dakika, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikalipeleka moja kwa moja kwa Dk. Ndunge.

Shem alipoitwa hakukana. Alisema mtandao wa ofisi humwangusha mtu wakati wowote, na kwamba Zumari ikinyamaza siku ya Jumapili, yeye akiwa nyumbani, anataka awe na mahali pa mwisho mkononi ili awapigie waokoaji papo hapo, bila kungoja ofisi ifunguliwe. Alisema alilificha kwa kuwa alijua sheria haimruhusu kulitoa nje. Niliuona huo uongo umepikwa ukaiva. Dk. Ndunge alimsimamisha kazi siku hiyo hiyo. Shem akachukua koti lake na kikombe chake, na alipofika mlangoni akageuka, nikadhani atanitukana. Akasema, “Madam, filter za maji zitaisha mwezi wa pili. Usisahau kuagiza.” Hata hilo nililitia shaka. Nikajiuliza kwa nini anajali sana.

Jirani zake Kangemi walikwisha kusikia kabla ya wiki kuisha. Kanisani walimwondoa kwenye kamati ya vijana, kimyakimya, ndivyo nilivyokuja kuambiwa. Mimi wakati huo nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Halafu, mwisho wa Januari, ikafika ripoti yenu kwamba mwamba wa nne nao umesafishwa.

Shem hakuwa tena anasoma chochote. Tulibaki wawili. Na kwa kuwa mimi nilijua si mimi, Athman, niliingiwa na wazimu wa kumfuata Dk. Ndunge. Jumatano iliyopita mchana alitoka ofisini bila kusema aendako, nami nikamfuata kwa miguu kwenye barabara ya Argwings Kodhek, nikijibanza nyuma ya miche ya wauza maua kama mwizi wa kuku. Aliingia kwenye jengo moja na nikasimama nje dakika arobaini nikiwaza atatoka na nani. Alitoka peke yake, ameshika leso mdomoni. Alikuwa ameng'olewa jino. Aliponiona aliniuliza kwa taabu kama na mimi nimekuja kwa daktari wa meno, nikamwambia ndiyo.

Sasa naja kwenye la Alhamisi.

Wakumbuka ulipoanza safari hizi Mama alivyolalamika kwamba hawezi kumwombea mtu aliye “baharini” tu, maana bahari ni kubwa. Bibi alipokuwa akimwombea Babu safarini alikuwa akiitaja bandari kwa jina, kwa sababu dua nyumbani kwetu hutajiwa mahali. Zumari haitii nanga bandarini. Basi nikaona nimpe Mama kile nilichokuwa nacho. Kila Alhamisi jioni nilitia namba za mahali ulipo kwenye kundi la simu la ukoo, ili Ijumaa wakisoma Yasini, yeye na kina Khalti Mabruka, waelekeze nia zao pale pale. Mama hajui digrii wala dakika. Kwa hiyo Hanif, mtoto wa ami yetu, mwenye akili ya simu, alijitolea kuzigeuza zile namba ziwe alama kwenye ramani, akaturudishia picha yenye moyo wa kijani mahali ulipo. Mama alikuwa akiibusu ile picha. Na mimi, mwenye kumchunguza kila mtu, sikuwahi hata siku moja kuiita kazi hiyo kutoa siri. Niliiita dua.

Alhamisi hii, kwa fadhaa ya mambo ya ofisini, nilisahau kutuma. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Mama alivaa miwani yake, akatazama simu na kuniuliza namba za Athman ziko wapi, kwa maana Hanif amekwisha kumuuliza mara mbili. Akaongeza kwamba kijana yule ana huruma kuliko sisi sote, kwani kila wiki ndiye huuliza wa kwanza, na tena huuliza kama bado mpo pale au mmeondoka.

Niliweka kisu. Nilichukua simu nikaanza kurudi nyuma, wiki kwa wiki. Novemba, Hanif anauliza: “Bado wapo hapo, au wameshasonga?” Na chini yake mimi, kwa vidole vyangu hivi: “Wameondoka jana, alhamdulillah.” Desemba vivyo hivyo. Januari mara mbili. Mara nne, Athman, na kila mara mliporudi mlikuta mwamba mtupu. Na Hanif anafanya kazi wapi? Kwenye ghala la shemejiye la kukausha samaki. Ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa, samaki.

Mimi ndiye. Mtu uliyeapa hutamsamehe ni mimi dadako. Niliwaambia wezi mlipo, na kama hilo halikutosha, niliwaambia pia saa ambayo hakuna wa kuwaona.

Nilimpigia Hanif saa ile ile. Hakukana wala hakuona haya. Aliniambia bahari ni ya Mungu, si ya wazungu wala ya Dk. Ndunge, na kwamba aliyetoa siri ni mimi, si yeye. La pili ni kweli, ndiyo sababu limeniuma. Mama alisikia yote. Hakulia mara moja. Alikaa kitandani na miwani mkononi, kisha akasema kwamba miezi yote hii amekuwa akisoma Yasini huku akiwaonyesha wezi njia, na hapo ndipo akalia. Akaniuliza sasa atakuombea vipi asipojua uliko.

Jana asubuhi niliingia kwa Dk. Ndunge na kumpa simu yangu ikiwa wazi. Alisoma yote, shavu lake bado limevimba. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alisema Shem atarudi Jumatatu na ataombwa radhi mbele ya wafanyakazi wote, na mimi ndiye nitakayeeleza. Ripoti za asubuhi sizisomi tena kuanzia jana. Kama nitabaki na kazi, kamati itaamua wiki ijayo. Aliniruhusu nikamilishe boksi lenu tu.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda Kangemi. Nilitaka Shem asikie kutoka kwangu kabla hajapigiwa simu. Philister alinifungulia, akaniwekea chai mezani, na chai hiyo niliinywa bila kutazama chini ya kikombe. Nilimwambia Shem kila kitu, habari za Yasini, za Hanif, na za begi lake. Philister ndiye aliyesema, tena kwa uchungu, kwamba mtoto wao aliambiwa shuleni babake ni mwizi, na hilo mimi nitalifuta na nini. Kisha Shem akauliza jambo moja tu, kama wewe na wenzako mko salama. Kwa kutaka kumwonyesha kwamba sasa namwamini, nikafungua mdomo nimwambie mlipo. Akainua mkono. “Apana, madam. Usiniambie. Mimi bado siko kwa hiyo list.”

Niliporudi nyumbani wanawake walikuwa wamekwisha kusoma na Mama alikuwa kwenye dua. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi. Alikuombea wewe, popote ulipo, akasema Mola ndiye ajuaye mahali. Akamwombea Shem wa Kangemi na mkewe na mtoto wao, akiyataja majina waziwazi, na wale wanawake wakaitikia amina kwa watu wasiowajua. Akamwombea hata Hanif aongoke. Jina langu nililingoja mpaka mwisho na sikulisikia.

Kakangu, sikuombi unisamehe. Uliapa, na najua maneno yako si ya kupeperuka. Nakuomba usimkasirikie Mama, na Jumatatu Shem akirudi kwenye mitambo, umtumie salamu kabla ya nyinyi kumtumia ripoti. Vichujio vipo sita, vile alivyonikumbusha yeye.

Mama anakusalimu sana na kukuhimiza ulitie sikio lako mafuta ya uto yaliyopashwa moto. Khalti Mabruka naye anakusalimu, bado hajui lolote. Wasalimie nahodha na wenzako wote. Ukipata moyo wa kunijibu, niambie kama wala vizuri, kama sikio limepona, kama bado unaniita dada. Ulipo usiniambie.

Wako mwenye kukukosea,
Nabiha