Kidonge Kisichoamka

Māngere, Auckland
Jumatatu, 12 Juni 2023

Mpendwa wifi yangu Lesieli,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko nyumbani, kisiwani Vava'u? Goti lako linasemaje? Na yule mdogo, ameshaacha kukohoa? Huku baridi imeingia mpaka kitandani, mume wangu Semisi anavaa soksi mbili mbili na bado analalamika. Tunamshukuru Mungu, tu wazima. Nasema wazima, ingawa usingizi umenikimbia.

Barua hii anakukabidhi Mama Salote, anayepanda ndege kesho kuja huko, mkononi mwako. Sikuandika kwenye simu kwa sababu simu yenu ni moja, na mumeo hupenda kusoma ujumbe kwa sauti hadi majirani wakasikia. Isome ukiwa peke yako jikoni.

Wifi, mwezi uliopita kifua kilinibana nikiwa kazini. Nikaandikiwa kidonge cha kuzuia damu isigande, kile kile alichopewa mumeo, kaka Sosaia, alipowekewa kiwaya cha kutanua mshipa wa moyo. Daktari wangu, mama mmoja wa Kihindi kutoka Fiji, akasema watu wengi wa visiwa vyetu kidonge hicho hakiwafai, akachukua damu yangu ikapimwe vinasaba. Majibu yametoka. Kidonge kile humezwa kikiwa kimelala, ini ndilo hukiamsha, na ini langu nililozaliwa nalo halijui kukiamsha. Nilikuwa nameza bure. Sasa nimebadilishiwa.

Kisha akaniuliza, "Una ndugu anayetumia dawa hii?" Nikaanza kufunga vifungo vya koti langu. "Mama, nakuuliza wewe, siulizi ukuta." Ikabidi niseme, ninaye kaka, baba mmoja mama mmoja. Akaweka kalamu chini. Akasema si lazima Sosaia awe kama mimi, lakini ni rahisi sana awe hivyo, na mtu mwenye kiwaya moyoni akimeza dawa isiyoamka, damu yaweza kuganda pale pale siku yoyote.

Unajua kwa nini yeye hakupimwa. Alipolazwa huku, mkalimani wake nilikuwa mimi. Muuguzi akaanza habari za mwili wake na damu ya ukoo, akaniambia nimuulize kama angependa kupimwa vinasaba. Kaka akatazama dirisha, mimi nikatazama viatu vyangu. Dada wa Kitonga, ambaye mila inamkataza kuutaja mwili wa kaka yake, atamtamkiaje maneno hayo? Naye, ili yaishe, akajibu kwa Kiingereza chake, "Niko sawa, asante." Yakaisha kweli.

Binti yangu Pelenaise, kwa kunihurumia, ameniagizia kile kipimo cha vinasaba kwa mate cha mtandaoni kinachokwambia ule nini. Eti niache viazi vikuu na nyama ya kopo, nile njugu na majani. Semisi alicheka mpaka akakohoa. "Mate yako ndiyo yamesema hivyo, au ni muuza njugu?" Hata daktari alisema hiyo ya chakula tusiitegemee, tupunguze tu chumvi na mafuta kama watu wote. Lakini hii ya dawa haikumchekesha yeye wala Semisi.

Na sasa nasikia Sosaia amerudi shambani, na akipanda kilima husimama akashika kifua, akasema ni gesi. Wifi, ni gesi gani hiyo inayongoja kilima? Naogopa. Simu ikilia alfajiri natazama kwanza jina la mpigaji kabla sijaipokea.

Tafadhali, asiache kidonge. Asije akasikia nusu ya habari akakitupa baharini. Aendelee nacho mpaka daktari wa hapo mjini Neiafu ambadilishie. Ndani ya bahasha kuna maelezo ya daktari wangu, nendeni nayo hospitali siku hiyo hiyo utakapoyapata. Mwambie ni wewe uliyetaka aende. Jina langu usilitaje, maana akijua dada yake amekaa na watu akaujadili moyo wake, atajifungia ndani kwa aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kaka yangu ni fundi wa kuficha.

Nisalimie shangazi Vika, mwambie mkeka wake ndio unaotandikwa wageni wakija. Msalimie Hola na mumewe, na mchungaji na nyumba yake. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na awaepushe na yale ninayoyawaza usiku.

Ijumaa baada ya sala ya jioni nitapiga simu. Ukiniambia ameenda, tutaongea habari za watoto. Ukiniambia hajaenda, usinipe sababu, mpe yeye simu. Tangu tukue sijawahi kumtajia kaka yangu jambo la mwili wake, na hakuna Mtonga atakayenisifu nikimtajia. Nitamtajia. Kaka ninaye mmoja, na aibu tutaimaliza baadaye, yeye akiwa hai.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata kwa mbali,

Kalolaine