Siku Tulipofunga Dishi

Nyumbani,
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kweli. Hujambo huko uliko? Kazi inaendaje, na lile jino umeshaling'oa au bado unamkimbia daktari? Sisi huku tu wazima.

Dishi ulilotununulia lilifika salama, halina hata mkwaruzo. Ahsante sana.

Sasa nitoe dukuduku langu. Kuna jambo nilikuficha. Mama na Shangazi hawasemeshani tangu mwezi wa pili. Shangazi aligawa koti la marehemu Baba bila kumuuliza Mama, akidhani anampunguzia majonzi. Mama akanuna, na Shangazi akanuna kwa sababu Mama amenuna. Wanaishi nyumba moja, wanapikia jiko moja, na kila neno lazima lipitie kwangu. Juzi juzi Shangazi akanitangazia kwamba Jumamosi anahama. Nilijifungia bafuni nikalia, Kaka.

Ijumaa akaja fundi. Akasimika nguzo ya dishi juu ya paa la nyuma, akavuta waya hadi kwenye runinga sebuleni, kisha kifaa chake cha kupimia mawimbi kikaisha chaji. Akasema atarudi Jumatatu. Nikamwambia anielekeze tu, nitamalizia mwenyewe. Alicheka akashika mbavu, lakini akanielekeza: nisogeze dishi kidogo kidogo, na mtu wa ndani anitajie asilimia zinazoonekana kwenye skrini.

Nikapanda. Shangazi akakaa mbele ya runinga, lakini sauti yake haikunifikia kabisa. Aliyeweza kutusikia sote wawili ni Mama, aliyekuwa akianua nguo uani, na alijifanya hana masikio. Nikambembeleza wee. Akakubali shingo upande.

"Huyo wa ndani anasema ishirini."

Nikasogeza.

"Huyo wa ndani anasema hamsini."

Ilipofika themanini nilishangilia, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Kumbe ukikaza kwa pupa dishi linahama! Ikarudi sifuri. Mama alinitazama kama nimevunja sahani zake zote.

Tulihangaika hivyo karibu saa nzima. Mwishowe Mama akasahau kununa, akaita mwenyewe dirishani:

"Wifi! Sasa ngapi?"

Nikaganda na spana mkononi. Halafu Shangazi akajibu kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia:

"Sabini na nane, wifi! Mwambie asiguse tena!"

Nikakaza taratibu, nati moja baada ya nyingine. Nilipomaliza nikauliza kama picha ipo. Nikachungulia chini. Shangazi alikuwa ametoka hadi mlangoni, na Mama amekumbatia nguo alizoanua. Alikuwa anamwambia kwamba lile koti lilikuwa bado lina harufu ya Baba. Shangazi akamwomba radhi huku analia, wakaketi wote wawili kizingitini.

"Jamani, picha ipo?"

Hakuna aliyenijibu. Nikakaa juu ya bati la moto, mdomo nimeufunga, nisije nikawakatiza.

Jumamosi imepita na Shangazi yupo. Mama amesema haendi popote, na safari hii amemwambia mwenyewe.

Wote wawili wanakusalimu, tena wamenituma kwa pamoja. Nisalimie wifi yangu na watoto. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kuja kutuona.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako