Mzee Aliyeifunika Pampu ya Joto Blanketi

Shangazi Pang mpendwa, naomba unisaidie, maana nimemkosea mtu ambaye sina mwingine kama yeye, na kila nikitaka kwenda kumwomba radhi miguu inakataa.

Mimi ni Mu Caixia, nina miaka arobaini na saba, nafanya kazi kwenye mabanda ya uyoga hapa Beigou milimani, na huyo ninayemsema ni baba mkwe wangu, Mzee Hao Degui, wa miaka sabini na tisa. Mume wangu Yongsheng alifariki miaka sita iliyopita, watu wakaniambia rudi kwenu, bado una nguvu zako, lakini mimi na mzee tulishazoeana, yeye anapika uji asubuhi na mimi napika jioni, basi nikabaki, na sikujuta hata siku moja.

Kabla baridi haijaanza niliamua tuachane na makaa ya mawe, kwa sababu mzee kifua kinambana na kila asubuhi alikuwa anainama kuzoa majivu huku anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Nikatafuta pampu ya joto, ile mashine ya nje yenye feni inayovuta joto kwenye hewa, hata hewa ya baridi, ikapasha maji yanayozunguka kwenye mabomba ya ndani. Muuzaji wa kwanza alitaka kuniuzia kubwa kuliko zote bila hata kuvuka kizingiti, nikamkatalia. Wa pili alipima kila chumba, akahesabu madirisha, akasema tuzibe kwanza nyufa zote za upande wa kaskazini, ndipo akanichagulia ya wastani, inayohimili baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri.

Wiki mbili tuliishi raha, halafu theluji ikaanza na mambo yakaharibika. Kila nikirudi saa kumi jioni nakuta nyumba ya baridi na mashine inanguruma kama trekta, imejaa barafu, nikampigia fundi kelele kwenye simu, kumbe mzee ndiye anayeizima nikitoka tu, ikifika saa tisa na nusu anaiwasha na kupandisha joto mpaka mwisho ili nisijue, na theluji ikianguka anaifunika blanketi zito la pamba. Nikamuuliza, "Baba, hili blanketi ni la nini?" Akanijibu bila hata kutabasamu, "Nayo inaona baridi."

Mimi nikakasirika, nikafunga vitufe kwa namba ya siri bila kumwambia. Kesho yake akaizima kwenye swichi kuu kama kawaida yake, lakini alipotaka kuiwasha ikamdai namba asiyoijua, na baridi siku hiyo ilikuwa kali, basi akatia makaa yenye moto kwenye karai akaliweka chumbani kwake, chumba ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimeziba kila ufa. Niliporudi nilimkuta ameanguka mlangoni, midomo imebadilika rangi. Nilimburuta mpaka uani kwenye theluji, akapata fahamu, daktari wa kijiji akampa hewa ya mtungi, akasema ni sumu ya moshi wa makaa na kwamba ningechelewa kidogo tu, basi.

Alipopata nafuu, badala ya kumshukuru Mungu wangu, nilimfokea mbele ya majirani wote, nikalia, nikamwambia, "Unataka nizike mara ya pili?" Kesho yake akakunja matandiko yake akahamia kwenye nyumba ya zamani ng'ambo ya ua, kwenye kile kitanda cha matofali kinachopashwa moto wa makaa kwa chini. Leo ni siku ya kumi na moja. Nampelekea bakuli la kabichi, analipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Nimuache huko aliko na amani yake, au nimlazimishe arudi? Na mashine niitoe?

Mu Caixia, Beigou

*

Caixia, ulipoandika "kitanda kinachopashwa moto wa makaa kwa chini" niliacha kusoma nikashika simu. Mtu ametoka kunusurika sumu ya makaa, na wewe unamwacha siku kumi na moja alale juu ya makaa, eti unaona aibu! Aibu gani hiyo inayotaka kuua?

Hukupokea, bila shaka ulikuwa kwenye uyoga. Nikaomba namba ya mzee kwa daktari wenu wa kijiji. Nilimwambia Mzee Hao kwamba nitayaandika maneno yake gazetini, akasema, "Andika, ila usiseme nakohoa." Anakohoa, Caixia.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, kwa nini unaizima?"

"Nyumba nzima kwa mtu mmoja, ya nini? Mimi nina koti. Akirudi yeye ndiyo joto linahitajika, anashinda mikono kwenye maji huko."

"Na blanketi?"

"Dada yangu, kile kitu kimesimama nje kinatetemeka na kutoa mvuke. Nimefuga punda miaka arobaini, najua mnyama akiugua."

Nilicheka mpaka nikaomba radhi. Kisha nikamuuliza kwa nini amehama, kama amekuchukia.

"Nimchukie nani? Alilia vile alivyolia siku tuliyomzika mwanangu. Nikaona mimi ndiye ninayemletea hofu. Nikasogea kando apumzike."

Umesikia? Unadhani amenuna, naye anadhani amekuwa mzigo. Ua mmoja, watu wawili, kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa kumpenda.

Sasa nisikilize. Mimi nilifunga mabomba ya joto miaka ishirini na tisa kabla gazeti halijaniita mshauri. Mashine yako ni nzima na uliichagua kwa akili, usiitoe. Kosa ni kuizima na kuiwasha. Haiko kama jiko la makaa linalochochewa mtu akihisi baridi. Yenyewe inataka mwendo wa polepole mchana na usiku. Maji yawekwe nyuzi arobaini, yasipandishwe mpaka mwisho. Ukitoka punguza nyuzi mbili za chumba, basi. Nyumba ikipoa kabisa, mashine inatumia umeme mwingi kuifufua kuliko ule mliodhani mmeuokoa. Barafu kidogo ni kawaida, inajiyeyusha yenyewe, na ule mvuke ndio kazi hiyo. Ila ukiifunika hewa haipiti, barafu inazidi. Mwite fundi aiinue juu ya theluji na aelekeze maji ya barafu mbali na njia, mzee asije akateleza.

Namba ya siri itoe leo. Kumfungia mtu mzima joto la nyumba yake mwenyewe, hapo ulikosea, na umwambie hivyo kwa maneno hayohayo. Naye nimemgombeza kwa lile karai, wewe usimgombeze tena. Umpe kazi: kufagia theluji mbele ya feni, kusafisha kichujio cha maji kila mwezi, kusoma joto kila asubuhi. Aliyelea punda miaka arobaini hawezi kukaa akitazama ukuta. Mpeleke pia hospitali ya mjini wampime kifua na kichwa, sumu ile huacha alama.

Nimemwambia afungue dirisha na auzime moto wa kitanda hicho sasa hivi. Amekubali. Nikamuuliza kama atarudi, akasema, "Akija mwenyewe."

Kwa hiyo usimtume jirani, wala usipeleke bakuli lingine la kabichi. Vaa viatu, vuka ua, ubebe matandiko yake wewe mwenyewe.